Jiko Lililomkataa

Mama yake alimwambia asiende peke yake, naye akaenda peke yake.

"Mimi simkatai kwa sababu ni mgane," mama alisema asubuhi ile, huku akikunja mashuka yaliyotoka kuanuliwa. "Kufiwa si kosa la mtu. Ila siku ile tulipokwenda kwake na shangazi yako, nilipita jikoni kunawa mikono. Mwanamume anaishi peke yake mwaka wa nne sasa, halafu jiko lake halina hata vumbi. Kila kitu kiko mahali pake, kama vile kuna mtu ametoka kidogo tu na anarudi sasa hivi. Nilitoka pale mwili umenisisimka."

"Mama, si ungefurahi? Umepata mkwe msafi."

"Usafi naujua, mwanangu. Ule haukuwa usafi."

Binti alicheka, akambusu mama yake shavuni, akachukua kikapu chake cha mboga na kutoka.

Mtaani walimwita Miwani, kwa kuwa alifanya kazi kwenye duka la miwani na mwenyewe alizivaa tangu utotoni, nene kama kitako cha glasi. Huko dukani ndiko alikokutana na Msafiri. Hilo nalo lilikuwa jina la utani. Jamaa alikuwa fundi wa mashine za hospitali, zile za kupigia picha mifupa, na kampuni ilimtuma kuzifunga na kuzitengeneza nchi hii na nchi ile. Alikuja siku moja na fremu iliyopinda, akasema ameikalia ndani ya ndege. Miwani aliinyoosha, kisha akamvisha ili aone kama imekaa sawa. Vidole vyake vilipogusa nyuma ya masikio ya yule mwanamume, mwanamume akafumba macho kama mtu ambaye hajaguswa siku nyingi. Mchezo ukaanzia hapo. Fremu ile ilipinda tena na tena, mpaka wenzake Miwani dukani wakawa wakimwona mlangoni wanaanza kukohoa makusudi.

Kitu kimoja kilichomvutia Miwani ni jinsi Msafiri alivyosafiri. Watu wengine hurudi na vinyago, vikombe vyenye picha za minara, na fulana ambazo hazivaliwi mara mbili. Msafiri hakununua hata kimoja cha namna hiyo.

"Ukumbusho ukiuweka kabatini unakufa," alimwambia. "Mimi nanunua kitu cha kutumika. Kila ukikishika, unaikumbuka safari."

Basi kila alipokuwa ugenini alimpigia simu akiwa dukani, sauti yake ikichanganyika na sauti za watu wanaosema lugha isiyojulikana. "Nimepata kitu cha nyumbani kwetu," angesema. Miwani angeuliza ni kitu gani, naye angejibu, "Utakiona." Na Miwani angelala na lile neno *kwetu* kifuani kama mtu aliyelala na paka.

Sasa harusi ilikuwa imekaribia. Kazini kwake Msafiri walishaanza kumtania kwamba hatimaye anapata jiko. Jumamosi hiyo alikuwa na kazi hospitali ya mjini mpaka alasiri, akampa Miwani ufunguo. "Kapike," alimwambia, akimwangalia machoni kwa namna iliyomfanya Miwani asahau alichotaka kujibu. "Lile jiko ni lako. Anza kulizoea."

Nyumba ilikuwa kimya, jua la mchana limejaa sebuleni. Ukutani palikuwa na picha ya marehemu. Miwani alikuwa ameiona mara nyingi, lakini hajawahi kuachwa nayo peke yake. Mwanamke mnene mwenye haiba, anacheka, amebeba beseni la nguo kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, dada," Miwani alisema, nusu kwa utani.

Hakuna aliyejibu, bila shaka. Lakini alijikuta amesimama pale akisubiri.

Jikoni alianza na pakiti ya mchele. Mkasi ulining'inia kwenye msumari, mzuri, wa chuma kinachong'aa. Akaibana pakiti kwa mkasi, ukaitafuna tu. Plastiki ilipinda katikati ya makali, isikatike. Akabana tena kwa nguvu mpaka kidole gumba kikauma. Akaurudisha, akafungua pakiti kwa meno.

Akachukua kisu kidogo cha kumenyea viazi. Kilipita juu ya ganda kama kinaliogopa. Akajaribu kukibana, kikateleza kikamchubua kidole. Akatafuta kisu cha kawaida, hakukiona. Kilichokuwepo ni kisu kilichopinda kama mwezi mchanga, mpini wake umekaa juu mgongoni. Akavuta ubao wa kukatia, na mara akauachia. Ubao ulikuwa na misumari miwili iliyochomoza katikati, imesimama wima, na mmoja ulikuwa umemtoboa kiganja.

"Haya," alisema kwa sauti, ili asikie sauti ya mtu. "Mgeni ni mgeni."

Akafunga kitambaa mkononi, akaendelea. Mchuzi ulipochemka alitaka kuonja. Alichota kwa upawa, akauinamisha kwenye kijiko, na mchuzi wa moto ukamwagikia kwenye kifundo cha mkono wake. Upawa ulikuwa na mdomo upande mmoja tu, upande ambao yeye hakuutegemea.

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Jasho lilikuwa linamtoka, na halikuwa la moto wa jiko. Alihisi, kama vile mtu anavyohisi akiingia chumba ambacho watu walikuwa wanamsema, kwamba hakutakiwa pale. Si kwa ukali. Kwa ile subira ya mwenye nyumba anayengoja mgeni aage.

Akauangalia mkasi. Hakujua ni kitu gani kilichomtuma, lakini aliutoa tena msumarini, safari hii kwa mkono wa kushoto. Akachukua kile kipande cha pakiti alichokitupa. Mkasi ukapita kama unakata maji.

Akashika kisu cha viazi kwa kushoto. Kikamenya. Upawa kwa kushoto, ukamimina bila kupoteza tone. Kisha akaona jambo jingine, na hilo ndilo lililomkausha mate. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani, na hapakuwa na kitu kilichouhitaji. Ile misumari ya ubao ilikuwa ya kushikilia kitunguu ili mtu asikishike. Chini ya rafu palikuwa na meno ya chuma ya kufungulia mifuniko, ukiingiza chupa yanaibana yenyewe. Brashi ya vyombo ilikuwa imegandishwa kwenye sinki, bakuli limekaa juu ya mpira usioteleza. Jiko zima lilipangwa kwa ajili ya mtu mwenye mkono mmoja. Wa kushoto.

Akachungulia sebuleni. Mwanamke wa pichani alikuwa bado anacheka, mikono yake miwili imelikumbatia beseni.

Miwani alikwenda bafuni akafungulia maji ya baridi juu ya ule mkono ulioungua. Aliacha yatiririke, mpaka akili yake ikatulia kidogo. Kwa sababu ya sauti ya maji hayo hakusikia mlango ukifunguliwa. Alipofunga bomba ndipo aliposikia kisu.

Kisu kilikuwa kinakata taratibu, kwa mdundo wa mtu asiye na haraka, na juu yake kulikuwa na wimbo. Hakuna maneno, ni kuguna tu kwa pua, kwembamba, kama anavyoguna mama anayepika huku akiwaza mengine. Miwani alitembea ukumbini akiwa ameshikilia ukuta.

Msafiri alikuwa amempa mgongo. Amevaa aproni. Kitunguu kimechomekwa kwenye misumari, kile kisu cha mwezi kinapanda na kushuka katika mkono wake wa kushoto, hodari, hakikosei. Mkono wake wa kulia, ule uliosaini barua za posa, ule uliomshika Miwani kidevu jana yake, ulikuwa unaning'inia ubavuni kama mkono wa shati lililoanikwa.

"Kaa tu," alisema, bila kugeuka, kwa sauti nyembamba. "Nitamaliza mwenyewe."

"Unaongea na nani?" Miwani aliuliza.

Wimbo ukakatika. Msafiri akageuka, akatabasamu, na sauti yake ikawa ile ile nzito ya kila siku. "Ah, kumbe upo. Nimeita pale mlangoni, ukanyamaza. Nikasema nikusaidie."

"Nimekuuliza ulikuwa unaongea na nani."

"Mimi? Sijasema kitu."

"Mkono wako wa kulia una nini?"

"Hauna kitu." Aliunyanyua kumwonyesha, na ukapanda polepole, kama mtu aliyeamshwa. Msafiri mwenyewe akautazama. Kisha akakiona kisu kilichokuwa katika mkono mwingine, akakiweka chini kwa uangalifu, kama mtu aliyekabidhiwa kitu na mtu mwingine bila kujua.

"Marehemu alikuwa na mikono miwili," Miwani alisema. "Nimeiangalia picha."

Mchuzi ulikuwa unachemka, hakuna aliyeushughulikia.

"Ile picha ni ya kabla," Msafiri alisema hatimaye.

Walikaa kwenye meza ya jikoni, wakitazamana, na hapo ndipo Msafiri alipomweleza jambo ambalo hakuwahi kulifungua tangu waanze kupendana. Miwani alijua mkewe alifariki kwa kiharusi. Hakujua kwamba kilikuja mara mbili. Cha kwanza kilimwachia uhai, kikachukua upande wa kulia. Mwanamke aliyekuwa hawezi kupita karibu na jiko bila kuonja akawa wa kukaa kwenye kiti na kumwelekeza mumewe, na mumewe akawa anaunguza kila kitu.

"Alikuwa anacheka," Msafiri alisema. "Halafu usiku namsikia analia. Kampuni ikanituma mbali, nikataka kukataa, yeye ndiye aliyenifukuza. Sasa ile hospitali niliyokwenda, kulikuwa na wodi ya wagonjwa kama yeye, wanafundishwa kupika kwa mkono mmoja. Nikaona vile vyombo. Nikampigia simu pale pale. Nikamwambia nakuletea vyote. Akaniambia, niletee mkasi kwanza. Nikiweza kufungua pakiti mwenyewe, mengine yatafuata."

"Ukamletea."

"Nikaununua. Nilipotua, nikamwona shemeji yangu amesimama kwenye watu waliokuja kupokea wageni. Mtu mchangamfu yule. Hakunipungia mkono." Akavua miwani, akaifuta kwenye aproni, akaivaa tena. "Alifariki mimi nikiwa hewani. Tumezika, mkasi uko kwenye begi. Safari iliyofuata nikakiona hicho kisu cha viazi. Nikasema ule mkasi nisiuache peke yake."

Miwani alihisi machozi na baridi vikimjia kwa pamoja. "Na anayevitumia ni nani?"

"Mimi. Vilikuwa vinakaa tu, nikaona vibaya. Nikajifunza. Mwanzo nilijikata sana. Siku hizi sijikati. Siku hizi nikiingia hapa, mkono unahama wenyewe, na mimi sijui umehama saa ngapi."

"Na ule wimbo?"

"Wimbo gani?"

Miwani alimwangalia vizuri. Kazi yake ilikuwa kuangalia macho ya watu, na macho ya Msafiri hayakuwa yanaficha kitu. Hakujua kabisa.

Basi hasira ikaja, kwa kuwa woga hauwezi kukaa peke yake muda mrefu. "Kile cha kufungulia mifuniko umekinunua lini?"

Msafiri akainamisha kichwa.

"Nilikuwa kwenye simu na wewe," Miwani alisema. "Ukaniambia umepata kitu cha nyumbani kwetu. Nilimwamsha mama kumwambia. Kumbe kwetu yenyewe ni wewe na nani?"

"Niliingia dukani nikiwa nakuwaza wewe. Naapa. Nilikuwa nakuwaza wewe, nikatoka na kile."

"Hilo ndilo linalonitisha. Ungekuwa mwongo ningejua la kufanya."

Msafiri akasimama, akafungua kabati, akatoa mfuko. "Navitupa. Sasa hivi, uone kwa macho yako."

"Acha. Wewe utavitupa, na mkono utabaki."

"Unataka nifanye nini?"

"Sijui. Ila harusi isimame kwanza."

Msafiri alimfuata mpaka mlangoni. Hakumshika. Alisimama na mikono yake yote miwili imelegea, anamwangalia, na Miwani akaona ni kiasi gani anampenda mtu yule, akaumia zaidi. "Unaniacha?" Msafiri aliuliza.

"Naondoka. Kuacha sijaamua."

Mama yake alimpaka dawa pale alipoungua bila kuuliza. Alijitahidi sana asiseme nilikwambia, akajitahidi mpaka chakula kikaiva, kisha akasema. Shangazi alipopata habari alikuja amevaa kandambili za ndani, jinsi alivyokuwa na haraka. "Watu tumeshonesha nguo," alilalamika. "Tutazivaa wapi, sokoni?" Miwani aliwasikiliza wote, akaenda kazini, akapima macho ya watu, akarudi. Simu ya Msafiri haikuita. Aliheshimu, na heshima hiyo ilimkosesha Miwani usingizi.

Kisha siku moja akainua kichwa akamwona kwenye foleni ya wateja. Alikuwa amekonda. Hakujipenyeza mbele. Alingoja zamu yake, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, na wenzake Miwani safari hii hawakukohoa.

"Fremu imepinda?" Miwani aliuliza.

"Haijapinda." Akainamia meza. "Vile vyombo nimevipeleka hospitali, kwa wagonjwa wa mazoezi. Kuna mama mmoja kakata karoti, hakutaka kuniachia mkono kwa furaha. Nikarudi nyumbani mwepesi. Nikanunua kisu cha kawaida, ubao wa kawaida." Akautazama mkono wake wa kushoto. "Jana nimejikuta nakata kitunguu kwa kile kisu kipya. Mkono ni ule ule."

Nywele za mikononi mwa Miwani zilikuwa zimesimama.

"Wamenipa safari tena," Msafiri akaendelea, kwa sauti ya chini. "Safari siiogopi. Naogopa duka. Miaka yote hii naingia peke yangu. Twende wote."

Nyumbani ukawa mkutano. Shangazi alisema haijapata kutokea, mwanamwali kupanda ndege na mwanamume ambaye harusi yao imesimama. Mama alikuwa anaitazama ile alama ya kuungua kwenye mkono wa binti yake.

"Unampenda?" alimuuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi vyumba viwili. Na unipigie kila jioni." Akafikiri kidogo, kisha akaongeza, bila hata kutabasamu, "Na ukisikia anaimba, urudi na ndege ya kwanza."

Msafiri hakuimba. Alifanya kazi yake, jioni wakatembea kwenye barabara za watu baki, wamevaa makoti mazito, wakicheka kwa namna walivyoagiza chakula kwa vidole. Miwani alianza kuamini kwamba wameshapona. Siku ya kuondoka, wakiwa wanatembea bila mpango, Msafiri aliacha sentensi katikati. Akakunja kona. Miwani akamfuata, akimwita, naye haitiki, mpaka kwenye duka refu lenye taa nyeupe na rafu za chuma. Hakumuuliza mtu njia. Alipita sufuria, akapita sahani, akaenda moja kwa moja mpaka nyuma kabisa, penye vitu vya wagonjwa, katika duka ambalo hajawahi kuliona maishani mwake.

Miwani alipomfikia, mkono wa kulia ulikuwa tayari umelala. Macho ya Msafiri yalitazama mahali pasipo na mtu, kimo cha mtu aliyekaa kwenye kiti. Mkono wa kushoto ulikuwa unanyooka kwenye rafu, kwenye kidude cha waya cha kuzuia sufuria isizunguke mtu akikoroga kwa mkono mmoja. Vidole vilikuwa vimeshakigusa.

Miwani aliushika mkono ule.

Ulikuwa wa baridi. Na ulivuta. Haukuvuta kwa nguvu za mwanamume, kwa kuwa nguvu za Msafiri alizijua. Ulivuta kama mgonjwa anavyomvuta mtu aliyekuja kumwona na anataka kuondoka. Muuza duka aliinua kichwa akawatazama. Miwani alitaka kukimbia. Miguu yake yote ilitaka. Badala yake akapachika vidole vyake katikati ya vidole vile, kimoja kimoja, akabana.

"Niangalie," alisema. "Si huko. Mimi hapa."

Ilichukua muda. Kisha macho ya Msafiri yakahama kutoka pale penye kiti kisichokuwepo, yakapanda, yakamtafuta, yakampata nyuma ya zile lenzi nene. Mkono ukavuta mara moja ya mwisho, kidogo, karibu kwa adabu. Halafu joto likaurudia, kuanzia kiganjani.

Msafiri akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuyaficha. Mkono wa kulia ukapanda, ukamgusa Miwani shavuni.

"Ameachia," alisema.

"Mimi sijaachia," Miwani alijibu, na hakuachia, si dukani pale, wala barabarani, wala ndani ya ndege walipofunga mikanda na mhudumu akawaomba, mara mbili, kila mtu aweke mkono wake upande wake ili apitishe chakula.